Muziki wa Wapigaji Wanne Katika Ukumbi wa Kijiji

Wapenzi wengi wa muziki hapa Mombasa huamini kwamba muziki wa kukaa na kusikiliza, ule unaopigwa na watu watatu, wanne au watano bila spika, ni muziki wa mjini, na kwamba ukiupeleka kijijini utawachosha watu kabla ya kibao cha pili kwisha. Mimi nimeishi na fidla tangu utotoni, nimepiga katika harusi za Mji wa Kale na katika hoteli za ufukweni, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifuatana na wenzangu kwenda kupiga katika kumbi za jamii za Kwale na Kilifi. Niliyoyaona huko yamenipa imani iliyo kinyume kabisa na hiyo: muziki wa namna hii hupata haki yake kijijini kuliko mahali pengine popote, na sababu kubwa ni ukubwa wa chumba na umbali uliopo kati ya mpigaji na msikilizaji.

Asili ya muziki wenyewe inaniunga mkono. Fidla mbili, viola, yaani fidla kubwa kidogo yenye sauti ya kati, na sello, ya sauti nzito zaidi, hazikuandikiwa majumba ya watu elfu mbili. Mtunzi Joseph Haydn, ambaye kwa kawaida huhesabiwa kuwa na kwateti 68 za nyuzi, yaani tungo za wapigaji wanne, aliingia katika utumishi wa ukoo wa Esterházy mwaka 1761, na miaka mingi ya kazi yake aliipitisha katika kasri lililojengwa mashambani nchini Hungaria, mbali na Vienna. Franz Schubert aliandika kwinteti yake mashuhuri ya piano na nyuzi, utungo wa wapigaji watano, kwa ombi la mkaazi wa Steyr, mji mdogo wa Austria alioutembelea wakati wa kiangazi cha mwaka 1819, na mkaazi huyo alikuwa akipiga sello kwa mapenzi tu na kuwakusanya wapigaji wenzake nyumbani kwake. Katika muziki huu kila mpigaji ana njia yake peke yake, hakuna mwongozaji anayesimama mbele na kijiti, na mambo yote huendeshwa kwa macho, kwa pumzi na kwa namna upinde unavyoinuliwa kabla ya kugusa uzi. Msikilizaji aliyeketi hatua tatu kutoka kwa sello huyaona mashauriano hayo yakifanyika mbele yake, ilhali aliyeketi nyuma kabisa ya jumba kubwa huyasikia matokeo yake tu.

Waliolielewa jambo hili mapema huko Ulaya hawakungoja kujengewa majumba. Kuhmo, mji mdogo ulio mashariki mwa Ufini karibu na mpaka wa Urusi, umekuwa na tamasha la muziki wa makundi madogo tangu mwaka 1970, na kwa miaka mingi wapigaji wakubwa wa dunia walipiga humo katika ukumbi wa shule na kanisani, hadi jengo la sanaa lilipofunguliwa mwaka 1993. Aldeburgh, mji wa wavuvi kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, ulianza tamasha lake mwaka 1948 katika ukumbi mdogo wa mji, kwa juhudi za mtunzi Benjamin Britten na wenzake. Na walipotaka nafasi kubwa zaidi walilichukua jengo la zamani la kutengenezea kimea katika kijiji cha Snape, wakalifungua kuwa ukumbi mwaka 1967. Jengo hilo liliungua mwaka 1969, likajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka uliofuata. Kimea na muziki havina uhusiano wowote, lakini matofali mazuri na paa refu la mbao vina uhusiano mkubwa sana na sauti ya sello.

Sisi watu wa pwani tuna mfano wa karibu zaidi, nao ni tarabu ilivyokuwa kabla ya vinanda vya umeme. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, na kundi alilofuatana nalo lilikuwa dogo. Hapa kwetu, udi wa Zein l'Abdin na uimbaji wa Juma Bhalo ulisimama juu ya mashairi yenye mafumbo, na fumbo halifumbuki ikiwa neno moja limemezwa na mlio wa spika. Nje ya mji, Wadigo na Waduruma wana sengenya yenye ngoma na nzumari, na wana chivoti, filimbi ambayo mpigaji mmoja stadi anaweza kuishikilia hadhira nzima kwayo akisaidiwa na kayamba peke yake. Kwa hiyo anayesema kwamba watu wa vijijini hawajazoea muziki wa wachache wanaosikilizana hajakaa nao vya kutosha.

Ukumbi wenyewe ndio unaohitaji maelezo marefu, kwa sababu ndani yake ndimo kazi yote inapofaulu au kuharibika. Ukumbi wa jamii wa kawaida katika sehemu zetu ni chumba kirefu cha mawe au matofali ya saruji, chenye sakafu ya saruji, paa la mabati lisilo na dari, madirisha ya matofali ya matundu, na jukwaa la zege mwisho mmoja lililojengwa kwa ajili ya hotuba. Baadhi ya kumbi hizi zimejengwa kwa fedha za Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, iliyoanzishwa mwaka 2003, nyingine kwa nguvu za wanakijiji wenyewe, na karibu zote zilikusudiwa mikutano, chanjo, mafunzo na kugawa chakula. Piga kofi moja humo ukumbi ukiwa mtupu, nawe utalisikia likirudi na kurudi kati ya kuta mbili za ubavuni hadi lififie. Fidla ikipigwa kwa kasi katika chumba kama hicho, noti hupandana, na udi, ambao uzuri wake wote umo katika mwanzo wa kila noti pale ambapo risha, kile kijiti cha kudonolea, inauacha uzi, hupoteza makali yake.

Jambo la kwanza tunalolifanya tukifika ni kuliacha jukwaa. Tunaketi chini kwenye sakafu, katikati ya ukuta mmoja wa ubavuni, tukiuelekea ukuta wa pili, ili aliye mbali kabisa asiwe mbali sana. Mikeka hutandikwa kila mahali panapowezekana. Kisha huja kazi ya leso. Tunafunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, tunatundika leso mbili mbili zikiwa zimekunjamana, na tunaziacha shubiri moja au mbili mbele ya ukuta, kwa sababu kitambaa kilichobandikwa ukutani moja kwa moja humeza mwangwi kidogo sana, ilhali kikiwa mbali kidogo kinaikuta hewa inapotembea kwa nguvu zaidi. Leso haziwezi kufanya lolote kwa sauti nzito, lakini zinauondoa ule mlio mkali wa juu unaoumiza masikio. Katika ukumbi mmoja wa upande wa Matuga, kina mama wa chama cha kijiji walituletea leso zao wenyewe kutoka majumbani, na Bi mkubwa wao akasimama mlangoni akizihesabu zikiingia na kutuambia, "Wanangu, zote zirudi jioni, na hiyo nyekundu msiitie msumari, ni ya arusi ya mjukuu wangu." Hakuna msumari uliotumika. Hadhira ilipoingia na kuketi, ukumbi uliokuwa ukilia kwa kila hatua ya kiatu ulitulia kabisa, kwa kuwa miili ya watu na nguo zao ndivyo humeza mwangwi kuliko pambo lolote unaloweza kulileta.

Nimeombwa mara nyingi kupiga chini ya mwembe au mbuyu badala ya ndani, na ninaelewa kwa nini, kwani nje kuna upepo na nafasi. Lakini katika uwanja wa wazi hakuna kuta za kuirudisha sauti, na kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, jambo linalomaanisha kwamba mstari wa sita wa wasikilizaji hupata fidla hafifu, na wa kumi hupata upepo. Hapo ndipo mtu huagiza spika, na spika zikija zinakuja na jenereta, na jenereta ikiwaka hakuna tena haja ya kupiga kwa ulaini. Paa la makuti juu ya kuta za mawe ndilo ninalolipenda kuliko yote: halina mwangwi mkali, na mvua ikinyesha juu yake muziki unaendelea. Chini ya mabati, manyunyu kidogo tu huifuta fidla, nasi huweka pinde chini na kungoja mvua ipite.

Kuhusu saa ya kuanza, tumejifunza kuifuata bahari na msikiti badala ya kalenda ya ofisini. Mtu wa mjini huwaza jioni ya Jumamosi, kwa mwanga wa umeme. Katika vijiji vya ufukweni, siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hukupwa sana kuelekea adhuhuri na tena usiku, na huo ndio wakati ambao kina mama huwa mwambani wakitafuta pweza na wavuvi wengine hutoka kwa kurunzi. Lakini siku hizo hizo maji hujaa alasiri. Kwa sababu hiyo, onyesho linaloanza mara tu baada ya sala ya alasiri na kwisha kabla ya magharibi huwakuta watu wamerudi nyumbani, wamekula, na wana saa mbili za utulivu. Jua huingia kupitia madirisha na kutosha kusomea noti, umeme hauhitajiki kabisa, na watoto wanarudi makwao kukiwa bado na mwanga. Miezi ya masika tunaiepuka kwa sababu ya barabara na mabati niliyoyataja, na mwezi wa Ramadhani tunaiacha kazi hii kabisa.

Vyombo navyo vina shida zake katika hewa yetu. Fidla na sello huunganishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulainika kwenye joto na unyevu, na sanduku lililoachwa kwenye buti la gari juani kwa saa chache linaweza kufunguliwa na kukutwa ubavu wa fidla umeachana na mgongo. Vigingi vya udi navyo huteleza mara nyingine, na kipande cha chaki huokoa onyesho. Kwa kuwa tunachanganya kwateti na tarabu, mimi husafiri na fidla mbili: moja imetiwa sauti ya sol, re, la, mi kama inavyotakiwa katika muziki wa Ulaya, na nyingine sol, re, sol, re kama wanavyofanya wapigaji wa muziki wa Kiarabu, maana kuzishusha na kuzipandisha nyuzi zile zile kila baada ya kibao huzifanya zikose utulivu jioni nzima. Karatasi za noti hubanwa kwa vibanio vya nguo. Sello hukatiwa kiti chake kwenye matatu na hulipiwa nauli kama abiria yeyote, na katika feri ya Likoni tunaisimamisha katikati yetu ili isigongwe na mikokoteni.

Swali ambalo waandaaji wa mjini huniuliza kila mara ni jinsi ya kuwafundisha watu wa kijijini adabu ya kusikiliza, wakiwa na maana ya kunyamaza hadi kibao kizima kiishe, kutopiga makofi kati ya sehemu moja na nyingine, na kutotembea. Mimi siwafundishi lolote. Watu wanaohudhuria maulidi ya usiku kucha na wanaofuatilia tungo za tenzi beti kwa beti wanajua kusikiliza kwa subira kuliko hadhira nyingi nilizozipigia hotelini. Wakipenda kitu, wanasema. Mzee mmoja aliingia tukiwa tumekwisha maliza sehemu ya kwanza ya kwateti, akavua viatu, akaketi mbele kabisa, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Wanangu, niwieni radhi, hiyo ya mwanzo irudieni, mimi nilikuwa bado natoka msikitini." Tuliirudia. Kule Vienna, mwaka 1813, simfoni ya saba ya Beethoven ilipopigwa kwa mara ya kwanza, wasikilizaji walidai sehemu ya pili irudiwe papo hapo, ikarudiwa, na hakuna aliyewahesabu kuwa hawana adabu. Ukimya mzito wa majumba ya siku hizi ni desturi iliyokuja baadaye, na sioni sababu ya kuibeba kwa feri hadi ng'ambo ya Likoni.

Zaidi ya hayo, wasikilizaji wa vijijini wana njia zao za kuingia ndani ya muziki huu. Upande wa Rabai, ambako wamishonari Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao mwaka 1846, na upande wa Ribe, ambako Wamethodisti walifika mwaka 1862, watu wameimba kwaya za sauti nne kwa vizazi vingi. Mwanakwaya wa sauti ya pili hahitaji kuelezwa kazi ya viola, kwa sababu maisha yake yote ameimba njia isiyo juu wala chini, isiyopewa kipande kitamu mara kwa mara, lakini ambayo ikiondolewa wimbo mzima hupwaya. Mama mmoja mwimbaji alikuja baada ya onyesho, akawapita wenye fidla wote bila kusimama, akaushika mkono wa mpigaji viola na kumwambia, "Dada, hiyo yako ndiyo yangu." Kutoka hapo walizungumza kwa muda mrefu kuhusu mahali pa kuvutia pumzi. Katika vijiji vya Wadigo mlango wa kuingilia ni mwingine, yaani mdundo, na sello ikipigwa kwa kudonoa nyuzi hupata wafuasi mara moja miongoni mwa wapigaji ngoma.

Kwa sababu hiyo siku hizi hatukubali mwaliko ambao hauna nafasi ya wapigaji wa hapo kijijini. Nusu ya alasiri ni yao. Mara nyingi wao hutangulia, na mpigaji wa chivoti huketi pale pale tutakapoketi sisi, juu ya mkeka ule ule, akisikika mbele ya leso zile zile zilizotundikwa kwa ajili ya fidla. Hatujaribu kila mara kupiga pamoja, na ninadhani ni vyema kusema hivyo wazi, kwa kuwa kuchanganya kwa haraka huziharibu pande zote mbili: chivoti hupangwa kwa vidole na masikio ya aliyeitoboa, na kuilazimisha ifuate la ya 440, kipimo cha sauti cha ala za Ulaya, ni kuivua utu wake. Harmoniamu nayo ni ngumu zaidi, kwa sababu sauti zake zimefungwa na haziwezi kutoa zile robo za sauti ambazo maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu zinazopigwa kwa udi, huzihitaji. Tunapopiga pamoja tunachagua vipande vichache, tunavifanyia mazoezi asubuhi ile ile, na ala zenye nyuzi ndizo zinazohama kuifuata filimbi.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Nauli, chakula cha wapigaji na kitu kidogo cha mwangalizi wa ukumbi hupatikana kwa michango ya marafiki wa mjini, na hadhira hutuza kama inavyotuzwa tarabu, kila mtu akiinuka kwa wakati wake na kuweka alichonacho mbele ya aliyemgusa. Tiketi hatuuzi, kwani mtu mwenye watoto watano hawezi kuchagua yupi abaki mlangoni.

Ninachokitaka kutoka kwa wanaoshika mifuko ya kaunti na ya maeneo bunge ni kidogo na kinawezekana. Ukumbi mpya unapochorwa, utiwe dari ya mbao au ya mikeka chini ya mabati, kuta za ubavuni zisiwe laini na kukabiliana moja kwa moja kwa urefu wote, na fedha zilizotengewa jukwaa la zege zinunue mabenchi yanayohamishika. Kumbi zilizopo ziachiwe vyuma au kulabu za kudumu kwenye kuta kwa ajili ya kamba, zitakazofaa pia kwa turubai la mikutano na pazia la daktari wa chanjo. Na kamati ya kila ukumbi iwe na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye ufunguo, pamoja na naibu wake, kwa sababu mara nyingi kuliko mvua na barabara, kilichotuchelewesha ni kufuli. Msimu wa masika ukipita tunakusudia kuelekea upande wa Kaloleni na kisha Msambweni. Wenye kumbi zenye makuti na kuta za mawe katika njia hizo mbili tungependa kuzipiga kofi kwanza, asubuhi, zikiwa tupu.